Tuliketi Nyuma Muda Mrefu: Mama wa Kisangani na Baiskeli



Juma hili tunazungumza juu ya chombo ambacho kila mtu hapa anakijua: baiskeli. Hapa kwetu wengi wanasema velo. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanasema kinga. Katika malupango mengi iko moja, imeegemea ukuta chini ya baraza. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ni ya baba. Ukiuliza ni nani anayetembea kuliko wote katika nyumba ile, utaambiwa ni mama. Majibu haya mawili hayapatani, na ndiyo sababu ya habari hii.

Mji uliobebwa na baiskeli

Wasichana wetu wa leo wamekuta pikipiki zimejaa mjini. Wengi wao hawajui kwamba mji huu uliwahi kubebwa na baiskeli. Wale wenye umri kama wetu wanakumbuka vizuri.

Zamani Kisangani ilikuwa na magari na mabasi, na meli zilipanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa karibu 1.700, zikileta chumvi, sabuni, vitambaa na mafuta. Katika miaka ya 1990 uchumi wa nchi ulianguka. Barabara nyingi za kutoka mjini ziliharibika mpaka pori likazimeza, na mafuta ya gari yakawa kitu cha wachache. Ndipo vijana wa mji walipochukua velo zao, wakafunga kigodoro kidogo juu ya portbagaje, na kuanza kubeba watu kwa malipo. Kazi hiyo ikaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite".

Mwezi wa nane 1998 vita ikaingia. Njia ya mto kwenda Kinshasa ikafungwa, na bidhaa zikakosekana. Mwezi wa sita 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yakapigana katikati ya mji wetu kwa siku sita, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10. Raia kwa mamia walikufa. Nyumba, shule na makanisa yakapigwa na mabomu.

Mizinga iliponyamaza, ni velo zilizorudi barabarani kwanza. Toleka walibeba wagonjwa kwenda hospitali, walimu kwenda shuleni, magunia ya mihogo kwenda sokoni. Vijana wengine waliokuwa na diploma mfukoni walilisha wadogo zao kwa kukanyaga pedali. Wengine walisukuma velo zilizojaa mizigo kupitia porini kwa mamia ya kilometa, ili mji upate chumvi na sabuni. Tusiwasahau watu hao. Wengi wao leo ni baba wa watoto tunaowafundisha.

Lakini tuangalie jambo moja katika historia hiyo. Mama alikuwa wapi? Mama alikuwa nyuma. Aliketi kwa upande mmoja, kikwembe kimebanwa kati ya magoti, kikapu juu ya mapaja, akimwambia kijana: "Papa, polepole, mashimo!" Tumepanda velo miaka mingi kuliko wanawake wa miji mingi, lakini tumepanda kama mzigo. Aliyeshika usukani alikuwa mwanaume. Kisha pikipiki za bei nafuu zikaja, toleka wakapungua, na sisi tukahama kutoka nyuma ya velo kwenda nyuma ya pikipiki.

Ni nani anayetembea?

Katika darasa letu la nane tuliwapa wanafunzi zoezi dogo. Kila mmoja aandike safari zote za watu wa nyumba yake kwa siku moja: nani alienda wapi, mara ngapi, kwa njia gani. Hatukuwaambia tunatafuta nini.

Madaftari yaliporudi, karibu yote yalifanana. Baba: kazini na kurudi. Kaka: shuleni, na jioni kwenye mpira. Mama: kisimani, shambani, sokoni, kwenye mashine ya kusaga, zahanati, kwenye kilio cha jirani, kanisani, tena sokoni. Dada mkubwa: nyuma ya mama. Na velo, pale ilipokuwepo, ilienda na baba au na kaka. Siku nyingine ilibaki ukutani tangu asubuhi mpaka jioni. Msichana mmoja aliandika kwamba velo ndiyo inayolala kuliko watu wote wa nyumba yao. Darasa lilicheka. Sisi tulicheka pia, kisha tukanyamaza.

Mtu anayetembea na mzigo kichwani anapita kilometa 4 kwa saa, na kama jua ni kali anapita chini ya hapo. Mtu aliye juu ya velo, bila kukimbia, anapita kilometa 12 kwa saa. Tuseme soko liko kilometa 6. Kwa miguu ni saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi. Kwa velo ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Tofauti ni saa mbili kila siku. Katika juma la siku sita, ni saa 12. Mama gani kati yetu hana kazi ya kufanya kwa saa 12? Na kama hana kazi, basi apumzike. Hiyo pia ni haki ya mwili.

Mji wetu unasaidia. Kisangani si Bukavu, ambako kila mtaa ni mlima. Hapa ardhi ni karibu sawasawa sehemu nyingi, na hata mama asiye na nguvu nyingi anaweza kufika. Wale wa Lubunga, ng'ambo ya mto, wanajua kwamba hata mtumbwi unakubali velo: inapakiwa, inavushwa, safari inaendelea.

Hesabu ya nyumbani

Chukueni kalamu. Tutatoa mfano tu; kila mmoja aweke bei za mtaa wake.

Tuseme mama analipa pikipiki faranga 1.000 kwenda na faranga 1.000 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Ni faranga 52.000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni faranga 624.000. Sasa tuseme velo inauzwa faranga 260.000. Gawanya 260.000 kwa 52.000: unapata 5. Maana yake, kwa miezi mitano pesa ya pikipiki imekwisha kununua velo nzima, na mwezi wa sita unaanza kubaki na kitu.

Lakini hesabu nzuri haifichi matumizi. Velo inakula. Mpira wa nje unaisha, mpira wa ndani unatoboka, breki zinalika, mnyororo unataka mafuta, na fundi anataka malipo yake. Kwa hiyo tunashauri kila juma uweke pembeni kiasi kidogo ambacho hakiguswi, hata kama velo ni nzima. Siku mpira unapopasuka, velo isilale miezi mitatu kwa kukosa kiraka.

Na mama asiyeweza kupanda bado anaweza kusukuma. Kiroba cha makala au cha mihogo kilichofungwa vizuri juu ya velo kinakaa juu ya magurudumu, si juu ya shingo yako. Wanaume wanaoleta makala mjini wanajua siri hii tangu zamani. Hutawaona wakiyabeba kichwani. Sisi ndio tunaotoka shambani shingo zimekakamaa, usiku tunatafuta mtu wa kutukanda.

Maneno yanayotuzuia

Katika kikundi chetu, siku ya posho moja, tuliuliza: kwa nini hatupandi? Majibu yalikuwa mengi. Tutayajibu moja moja, kwa heshima, kwa sababu wanaoyasema ni watu tunaowapenda.

*"Msichana akipanda velo atapoteza ubikira."* Neno hili linawafungia wasichana wengi, na mama wengi wanaliamini kwa moyo safi. Mwaka 2018 OMS, pamoja na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba hakuna kipimo chochote cha mwili kinachoweza kuonyesha kama msichana ni bikira au si bikira, na ikaomba vipimo hivyo viachwe mahali pote. Kama daktari hawezi kuona, tandiko la velo litaondoa nini? Heshima ya binti inalindwa na malezi na usalama. Na tuseme kweli: msichana anayefika nyumbani kabla ya giza yuko salama kuliko yule anayetembea peke yake kwa miguu saa moja ya usiku, au anayemwomba dereva amsaidie bila malipo.

*"Velo inaharibu uzazi."* Wanawake wa nchi nyingi wamepanda velo kwa zaidi ya miaka mia moja na wamezaa. Mama mwenye mimba ni jambo lingine: tumbo linapokua, mwili unapoteza usawa na kuanguka kunakuwa rahisi. Mwenye mimba aulize muuguzi wake, na miezi ya mwisho aache.

*"Kikwembe hakiruhusu."* Hili ni kweli nusu. Mnyororo unakula nguo, na nguo ikishikwa unaanguka. Lakini iko velo ya wanawake isiyo na chuma cha juu, unaweza kupanda na sketi pana. Iko pia velo yenye kifuniko cha mnyororo. Mama wengine wanavaa suruali ndani na kikwembe kifupi juu, wamekifunga upande. Fundi cherehani wa mtaa wako anaweza kukata sketi pana ya kitenge kwa nusu siku.

*"Watu watacheka."* Watacheka. Hapa mama mmoja wa kikundi, mwenye watoto watano, alisema: "Yaya, mimi nianguke mbele ya wakwe zangu?" Yaya yake akamjibu: "Mdogo wangu, wakwe zako walikuona ukianguka na beseni la mikate mwaka jana. Ulikufa?" Tulicheka sote. Wiki tatu baadaye yule mdogo mtu alikuwa anazunguka uwanja wa shule peke yake, miguu juu ya pedali, akipiga kelele tumpishe.

Si kila hadithi iliishia vizuri. Mama mwingine alijifunza haraka kuliko sisi wote. Bwana wake aliposikia, akamkataza, akisema bibi yake si toleka. Mama huyo bado anakuja kwenye mikutano, na anakuja kwa miguu, saa nzima. Hatukumlazimisha na hatutamlazimisha. Lakini tunaandika jambo hili ili baba wanaosoma gazeti hili nyuma ya mama, na tunajua wako, wajiulize kama saa ile ya kutembea inampa mtu yeyote faida.

Jinsi ya kujifunza ukiwa mtu mzima

Mtoto anajifunza kwa kuanguka. Mama hana muda wa kuanguka, kwa hiyo ajifunze kwa akili. Njia tunayotumia ni hii.

Kwanza, tandiko lishushwe mpaka miguu yote miwili iguse chini kabisa. Pili, fundi aondoe pedali zote mbili. Tatu, utafute uwanja wenye mteremko mdogo sana, ardhi ngumu, bila watu wengi. Uketi, usukume kwa miguu kama mtoto anayetambaa, kisha uinue miguu kidogo na kuacha velo iende. Macho yaangalie mbele, yasiangalie gurudumu. Jifunze kushika breki tangu siku ya kwanza. Ukiweza kuteleza hatua kumi au kumi na tano bila kuweka mguu chini, mwili wako umekwisha kujua usawa. Rudisha pedali. Karibu kazi yote imekwisha.

Mwenzako asishike usukani wako. Aende pembeni, aweke mkono nyuma ya tandiko tu, na asiseme maneno mengi. Nusu saa inatosha kwa siku moja. Zaidi ya hapo miguu inachoka na woga unarudi.

Barabarani

Hatuwezi kuwaambia mpande bila kuwaambia hatari. Barabara zetu zina pikipiki nyingi zinazokimbia, malori, mashimo, na usiku mitaa mingi haina taa. Tufuate mambo haya.

Nchi yetu inapita mkono wa kuume. Kaa kuume, lakini usijibane kwenye mtaro. Acha nafasi ya hatua moja ili upate mahali pa kukwepa shimo. Ukitaka kukata kushoto, geuka uangalie nyuma kwanza, nyoosha mkono, ndipo uende. Ukiwa na shaka, shuka, vuka kwa miguu, panda tena. Hakuna aibu.

Usipande usiku bila taa mbele na kitu chekundu kinachong'aa nyuma. Vaa rangi inayoonekana. Vitenge vyetu vinatusaidia hapo. Mvua ikinyesha, kumbuka kwamba breki za velo zikilowa hazishiki vizuri, na udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Punguza mwendo, au jikinge mahali mpaka mvua ipite. Simu ikilia, simama.

Mizigo ifungwe chini na iwe na uzito sawa pande zote mbili. Beseni la juu sana linavuta velo upande. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni unapoendesha: mama akianguka, ameanguka juu ya mtoto. Mtoto mkubwa anayeketi nyuma awe na mahali pa kuweka miguu mbali na gurudumu, kwa sababu visigino vya watoto wengi vimeumizwa hapo. Aliye na kaske aivae.

Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, mambo matatu: bonyeza mipira uone kama ina pumzi, shika breki zote mbili, tikisa usukani uone kama haulegei. Hata dakika moja haiishi.

Binti zetu na shule

Sisi walimu tunaliangalia jambo hili pia kwa macho ya darasa. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na darasa zimejaa. Lakini sekondari bado inalipiwa, na mara nyingi iko mbali kuliko shule ya msingi. Msichana anaamka, anachota maji, anafagia, anaosha wadogo, ndipo anaanza safari. Anafika kengele imelia. Akichelewa mara nyingi anarudishwa. Akirudishwa mara nyingi, baba anaanza kusema kwamba pesa yake inapotea. Tumewaona wasichana wakiacha shule kwa njia hiyo, polepole, bila siku moja ambayo mtu alisema "acha".

Nchi nyingine zimejaribu velo kwa ugonjwa huu. Huko India, katika jimbo la Bihar, tangu mwaka 2006 serikali iliwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa rupia 2.000 za kununua baiskeli. Watafiti waliofuata mpango huo walikuta kwamba wasichana walioandikishwa katika darasa hilo waliongezeka kwa karibu theluthi moja. Karibu zaidi nasi, kwa jirani zetu wa Zambia, shirika la World Bicycle Relief liliwapa baiskeli wasichana walioishi zaidi ya kilometa 3 kutoka shuleni. Uchunguzi ulionyesha kwamba siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo, na wasichana walifika kwa wakati zaidi kuliko zamani.

Hatusemi kwamba velo inalipa minervali au inafundisha hesabu. Inamfikisha msichana darasani kabla ya somo kuanza, na hana tena haja ya kumwomba mtu amchukue.

Kununua, na kuzungumza na baba

Wako mama wanaosema: velo iko nyumbani, lakini si yangu. Kwao hatushauri ugomvi. Tunashauri ratiba. Kaa na baba jioni, baada ya chakula, na daftari mkononi. Andikeni saa ambazo yeye anaitumia. Andikeni saa ambazo imeegemea ukuta. Omba saa za ukutani. Katika nyumba moja tunayoijua, baba ni mwalimu wa mchana. Velo sasa inaenda sokoni na mama saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa nne, kisha inaenda shuleni na baba. Mwanzo baba alisema ni kwa juma moja tu, tuone. Juma hilo limekuwa mwaka.

Wako ambao hawana velo kabisa. Kwao iko likelemba. Mama kumi wakiweka kiasi kimoja kila juma, kila zamu inaweza kutoa velo moja badala ya kutoa pesa ambayo inaisha kabla haijafika nyumbani. Andikeni makubaliano: velo ya nani, nani anatengeneza ikiharibika, na kama ni ya kikundi, nani anaiweka usiku. Kumbukeni kufuli. Chagueni fundi mwaminifu akague kabla ya kulipa: velo iliyotumika inaweza kuwa na rangi mpya juu ya chuma kilichopasuka.

Kuhusu sheria pia tuseme neno. Chini ya Kodi ya Familia ya mwaka 1987, bibi aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana wake ili kufanya mikataba. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilibadilisha hilo. Sasa bwana na bibi wanatakiwa kusikilizana, wote wawili. Kwa hiyo baba anapotaka kuuza velo ya nyumba, ni vizuri akuulize, kama vile wewe unavyomuuliza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kama kawaida, tunawaachia maswali ya mkutano wa juma hili. Mwandishi wa kikundi aandike majibu. Tutayasoma na kuyarudia katika gazeti.

1. Katika lupango lako, velo iko au haiko? Kama iko, inalala saa ngapi kwa siku?

2. Mama wangapi katika kikundi wanajua kupanda? Je, wanakubali kufundisha wengine saa moja kila siku ya posho?

3. Uwanja gani karibu nanyi hauna magari na unaweza kuombwa? Wakubwa wa shule na wa kanisa wengi hawakatai wakiombwa vizuri.

4. Ni wasichana gani wa mtaa wenu wanaotembea zaidi ya saa moja kwenda shule? Andikeni mitaa yao. Wanaweza kwenda pamoja, hata kama velo ni moja kwa wawili?

5. Barabara gani inawatisha zaidi, na kwa nini? Shimo gani, kona gani? Orodha hiyo tutaipeleka kwa bourgmestre wa kila komini, kwa jina la mama wote, kwa sababu barabara nzuri kwa velo ni nzuri pia kwa anayetembea na kwa mtoto anayevuka.

Kikundi chetu kinaendelea kukutana kila siku ya posho saa tisa, jua likipungua. Tuna velo mbili, moja haina pedali kwa ajili ya wanaoanza, na kifurushi cha viraka. Mje na suruali chini ya kikwembe, na viatu vinavyofungwa. Wenye watoto waje nao. Dada wawili wakubwa wamekubali kuwachunga.